Picha ya Mtu Peke Yake

Ndugu zangu, mmeniletea kiti na nimekikataa, kwa sababu nikikaa nitaongea chini chini kama mtu anayeungama, na haya nataka yafike mpaka kiti cha mwisho, pale karibu na mlango. Nashukuru kwa kuniita mbele. Majina ya watu sitayataja. Kiswahili changu ni cha Bwera, kimechanganyika na cha ng'ambo, mtanivumilia. Na hii bahasha niliyoishika msiiogope, ni picha tu. Nitaifungua, au sitaifungua, tutaona nguvu zitakavyokuwa.

Wengi wenu mmenijua hapa Kasese, nikihangaika na harusi zenu na sherehe za shule. Kabla ya hapo nilikuwa na studio Bwera, chumba cha mbele cha kazi na cha nyuma cha kulala, kando ya barabara inayoteremka kwenda mpakani Mpondwe, kwenye daraja la kuvukia Kongo. Mke sikuwa naye wakati ule, na hiyo ni hadithi ya Jumamosi nyingine. Mama yangu alikuwa Maliba, juu kwenye kahawa yake, pamoja na dada yangu. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kiume pekee.

Nawaambia siri ya kazi yetu. Mpiga picha wa mpakani anaishi kwa picha za aina mbili. Kuna zile ndogo za vitambulisho, halafu kuna za msiba. Mtu akifa, familia inakuja na picha yoyote waliyoiokota ndani ya nyumba. Bibi amesimama nyuma kabisa kwenye harusi ya mjukuu, nusu ya uso imefunikwa na kofia ya mtu. Wanakuambia, "Tutolee hapo ya kuweka kwa sanduku." Basi mimi nakata. Nawaondoa watu wote waliosimama naye, naondoa hata mkono uliowekwa begani mwake, napaka bluu nyuma, anabaki peke yake. Ndiyo desturi yetu, mnaijua, picha ya marehemu ni ya mtu mmoja. Nimewaondoa watu mabegani mwa marehemu miaka kumi na minne na sikuwahi kujiuliza kitu.

Na simu zilipokuja, desturi ikahamia huko. Ukiona kwenye status ya mtu uso mmoja tu, hakuna neno juu wala chini, huulizi mara mbili. Unapiga simu kujua msiba uko wapi. Hilo mliweke akilini, maana ndilo lililotaka kuniua mimi na kumuua mama yangu.

Sasa, ugonjwa huu wa kikohozi uliofunga dunia nzima ulipoanza kutajwa redioni, sisi wa Bwera tulijiona wazoefu. Ule mwingine wa kutoka damu, wa upande wa Beni kule Kongo, ulikuwa umetufundisha kunawa maji ya dawa na kuelekezewa kile kipima joto kwenye paji la uso kila ukivuka daraja. Lakini ule ulikuwa na upande wake, unajua unatoka kule, ukigeuza mgongo unahisi umeukimbia. Huu mpya hatukujua tuugeuzie mgongo wapi.

Siku mbili kabla ya amri ya kufunga nchi, aliingia studio dereva wa lori. Alitaka picha ya kitambulisho. Alikuwa na kikohozi. Mtu wa kazi yangu hasemi "inua kidevu" peke yake, anakuja na kukishika kidevu, anakigeuza kidogo kwenye mwanga, ndivyo tulivyofundishwa. Nikakishika. Akakohoa, na nikahisi unyevu kwenye kifundo cha mkono wangu. Akaomba radhi, akachukua picha zake, akaondoka na lori lake. Nilinawa. Nikanawa tena. Jioni nikawa bado nanawa.

Halafu barabara ikafungwa. Boda zikasimama, magari madogo yakasimama, mpaka ukafungwa kwa watu wa miguu. Yalibaki malori ya mizigo peke yake, yakipita polepole na madirisha yamepandishwa, na kila likipita nilishika pumzi. Askari wakawa wanatembea barabarani na fimbo. Redio ikasema hesabu asubuhi, ikasema nyingine jioni. Mvua ikanyesha milimani bila kupumzika, na tukasikia mito ya huku Kasese imeshuka na mawe na kubeba nyumba. Mtu unakaa unajiuliza, ni nini kingine kimebaki.

Nikajifungia. Msinicheke. Nilifunga madirisha yote mawili, nikaziba matundu kwa gazeti na gundi, nikatia matambara chini ya mlango, kwa sababu niliamini uko hewani. Na kwa sababu niliamini uko ndani yangu pia, nilianza kujifukiza. Majani ya mkalitusi, mchaichai, ndimu, maji yanachemka kwenye sufuria, unajifunika blanketi, unavuta. Najua wengi humu mlifanya. Ninyi mlifanya mara moja kwa siku, mkatoka nje mkapunga upepo. Mimi nilifanya mara tatu, katika chumba cha kazi kilichofungwa, mpaka kuta zikatoa jasho.

Siku ya nne nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya wateja, na likanijia wazo moja tulivu kabisa. Nikifa hapa, watatumia picha gani?

Nikatafuta. Ndugu zangu, mpiga picha wa miaka kumi na minne hakuwa na picha yake. Nilipata moja tu, ya ubatizo wa mtoto wa rafiki, mimi niko pembeni, nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nikaona jinsi mwenzangu mmoja wa kazi atakavyohangaika nayo. Nikasema hapana, nitawarahisishia. Nikavaa shati jeupe, tai na koti, nikatundika kitambaa cha bluu, nikasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaiwekea sekunde kumi, nikaenda kukaa. Ikalia. Nikaichapisha, nyuma nikaandika tarehe, nikaining'iniza kwenye uzi kwa kibanio. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Kesho yake nikapiga tena, kwa sababu niliona ile ya jana imeshapitwa. Keshokutwa pia. Kila siku saa tatu, shati lile lile, koti lile lile, stuli haikusogea hata kidole. Kamera nayo sikuigusa tena zaidi ya kubonyeza na kutoa picha, ilisimama pale pale ndani ya ule mvuke. Haikupiga kitu kingine chochote duniani ila mimi.

Mwanzoni zilikuwa za sanduku. Baada ya wiki moja zikawa za uchunguzi. Nilizisogelea na kioo cha kukuzia, nikilinganisha ya jana na ya leo. Macho yameingia ndani kidogo? Shingo imekuwa nyembamba? Na kweli, kila siku ilikuwa imezidi. Sikujiuliza kwamba mtu asiyekula atakonda.

Hapa nina jambo la kuungama. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mama Mkongomani, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, Mkatoliki wa kweli kweli. Mpaka ulipofungwa alikuwa upande wetu na watoto wake wako upande wa kwao. Huyo mama alikuwa akipika kila siku, bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, anaweka sahani mbele ya mlango wangu, anagonga kwa kijiko na kurudi nyuma. "Vwazini," anasema, ndivyo wanavyomwita jirani kule, "vwazini, chakula iko hapa, ukule ingali moto." Namjibu asante kwa sauti ya mtu mzima. Nasubiri aondoke, nafungua kidogo, naichukua sahani kwa kitambaa, napita mlango wa nyuma, nawamwagia kuku wa watu. Naosha sahani kwa maji ya dawa na kuirudisha. Nilimwogopa. Alinilisha wiki tano, na wiki tano nililisha kuku. Mimi mwenyewe nilikunywa chai na kula mihogo mikavu niliyokuwa nayo ndani.

Sasa naingia sehemu ambayo huwa inanitoa jasho. Siku ya kumi na tisa nikaona kitu kwenye picha. Juu, upande wa kushoto, kwenye kitambaa cha bluu, palikuwa na doa. Halikuwa na ukingo, lilikuwa giza tu lililokaa pale. Nikageuka kuangalia kitambaa chenyewe. Kisafi. Nikapangusa hata hivyo.

Kesho yake lilikuwepo, na lilikuwa limekua.

Nawaambia, nilizipanga picha zile ukutani kwa tarehe, na ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia unaliona linakuja. Tarehe hii liko konani. Tarehe hii limeshuka. Tarehe hii lina kitu kama kichwa. Tarehe hii lina bega. Linakuja kwangu mimi niliyekaa nimetazama mbele kama mjinga na tai shingoni. Nikigeuka chumbani, hakuna mtu. Nikipiga picha, yuko.

Nilikuwa nimeona nyuso za marehemu wengi kwenye mashine yangu. Nikaanza kufikiri, labda ni mmoja wa wale niliowakata. Nimewaondoa watu wangapi kando ya wenzao? Mmoja amerudi kusimama mahali pake. Mtu akiwa peke yake muda mrefu, wazo kama hilo haliingii kwa kishindo. Linaingia na kukaa, na kesho linakuwa kitu unachokijua.

Mngeniuliza, kwa nini usiache kupiga? Kwa sababu kutojua amefika wapi kulinitisha kuliko kumwona.

Simu ya mama nilikuwa napokea kila Jumapili. Namwambia niko salama. Ananiuliza, unakula? Nakula, mama. Uko na nani? Na majirani. Uongo mtupu, na mama alikuwa anaujua, maana alikuwa ananiuliza tena kabla ya kuniombea.

Picha ya thelathini na saba ndiyo hii, iko juu kwenye bahasha. Siku hiyo giza lilikuwa limefika begani kwangu. Limekaa pale hasa ambapo mtu anaweka mkono. Nikaitazama, na hofu ikaisha. Hilo ndilo la kuogopa, ndugu zangu, hofu inapoisha ghafla. Nikaona basi, amefika, kazi imekwisha. Nikaichagua ile ndiyo ya sanduku, mwanga ulikuwa mzuri. Nikaipiga kwa simu, nikaiweka kwenye status, ili wenzangu wasihangaike kuitafuta. Sikuandika neno. Neno gani ningeandika? Nikazima simu, nikaingia chumba cha nyuma na shati langu jeupe, nikalala chali. Sikunywa sumu, sikushika kamba. Nililala tu nikingoja, na nilikuwa nimeamua siamki tena.

Nililala mchana ule, na usiku wake, bila maji.

Asubuhi nilisikia kilio. Kwanza sauti moja, halafu tatu, halafu nyingi, nje ya mlango wangu. Nikafikiri, kumbe ndivyo inavyokuwa, unasikia msiba wako mwenyewe. Kisha nikasikia kijiko kikigonga mlango, kile kile cha sahani, lakini sasa kinapiga kama nyundo.

"Vwazini! Kama uko mufu nyamaza, kama uko muzima fungula mulango!"

Nawaapia, ndivyo alivyosema. Nilikuwa nimelala pale nangoja kufa, na kitu fulani tumboni kikataka kucheka. Nikajaribu kunyamaza. Sikuweza. Nikasema, "Niko." Sauti haikutoka. Nikatambaa, nikavuta matambara chini ya mlango, nikafungua.

Jua liliniumiza macho. Watu walikuwa barabarani, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, na wote kwa pamoja wakarudi nyuma. Hawakukimbia, walirudi hatua moja moja, macho yakiwa kwangu. Walikuwa wanajua marehemu wa siku zile amekufa kwa nini. Yule mama peke yake alibaki mahali pake na kijiko mkononi, machozi yanamtoka.

"Mi naona foto yako asubui hii, niko naweka bando kwa simu," akasema. "Foto moja, hakuna neno. Banasema ulikufa jana. Mi nasema, lakini sahani ya juzi alirudisha. Washa simu, vwazini. Bandugu yako beko nalia."

Wakati huo akafika askari, kijana mrefu, na bunduki mgongoni na fimbo mkononi. "Nyinyi! Mkusanyiko hapana! Nani imekufa hapa?"

Watu wakaninyooshea kidole. Askari akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Huyu?"

"Huyu, afande," wakasema.

"Huyu iko nasimama."

Nikawasha simu. Ikatetemeka mkononi kama kitu kilicho hai, pole zilikuwa zinaingia moja juu ya nyingine. Pumzika kwa amani, mpiga picha wetu. Halafu ikaita, na alikuwa dada yangu. Nikasema halo, na akapiga ukelele akaangusha simu. Alipoiokota alinieleza. Aliona status jana mchana. Akanipigia mpaka simu yake ikapata moto. Mama akawasha moto wa msiba uani, majirani wakaja. Watu wakamwambia wa ugonjwa huu hawaletwi nyumbani, watu wa nguo nyeupe za plastiki wanamzika huko huko alikofia, haraka, hakuna ndugu. Mama akasikia hayo, na kulipopambazuka akachukua fimbo yake. Akaanza kuteremka kwa miguu kutoka Maliba kuja Bwera. Mama wa miaka sabini na kitu, mwenye presha.

Njia ya kwao inapokutana na lami palikuwa na kizuizi. Askari wakamwambia arudi. Akawaambia, mimi nakwenda kumwona mwanangu kabla hawajamfukia, mkitaka nipigeni. Hawakumpiga, hawakumruhusu. Basi akaketi chini kando ya barabara, juani, akakataa maji. "Yuko hapa mbele yangu," dada akasema. "Mdomo umekauka. Hataki kuinuka. Ongea naye."

Mama alisema kwa lugha yetu, nami nawageuzia. Aliniuliza, "Wewe ni nani unayetumia simu ya mwanangu?"

Nikasema, "Ni mimi, mama."

"Mwanangu amekufa. Nimeona picha yake."

"Mama, sauti yangu huijui?"

"Sauti nilidanganywa nayo kila Jumapili. Ilikuwa inaniambia inakula. Uso niliouona jana si uso wa mtu anayekula."

Nikamwambia, subiri, nakutumia picha sasa hivi, uone. Na mama yangu, ambaye hakuwahi kushika kamera, akasema maneno ambayo nitazikwa nayo. Alisema, "Ya peke yako sitaki. Ya peke yako nimekwisha kuiona. Simama na mtu."

Nikainua macho. Barabara nzima watu walikuwa hatua sita, saba kutoka kwangu. Sikuwa nimekaribiana na binadamu tangu kidevu cha yule dereva. Nikasema kwa sauti ndogo, aibu imenijaa, "Mama anataka picha niko na mtu."

Hakuna aliyesogea, na siwalaumu hata kidogo. Mmoja aliangalia viatu vyake. Mwingine akavuta kitenge juu ya pua. Nikaona sasa kwamba mama ataketi pale juani mpaka aanguke, na ni mimi niliyemweka pale, kwa picha nzuri yenye mwanga mzuri.

Yule mama wa Butembo akakisugua kijiko kwenye kitenge, akakichomeka kiunoni, akapanda ile ngazi moja ya mlango wangu. Akasimama kando yangu. Nikamwambia, "Usinikaribie, nina kitu begani." Akanitazama begani. "Iko uchafu ya ukuta," akasema, akaipangusa kwa kiganja chake, na kiganja akakiacha pale pale.

"Mita mbili!" askari akapiga kelele. "Mita mbili nyinyi wawili!"

"Afande," akamwambia, bila kuinua sauti, "hii iko foto ya mama yake. Mutoto wangu ingekuwa huku na mimi kule, ningeitaka hivi hivi. Kamata simu. Piga, kisha utatufukuza."

Askari akasimama. Nadhani naye alikuwa na mama mahali. Akachukua simu ya yule mama, akaisogeza mbali na uso wake kana kwamba itamuuma, akapiga mara moja, akairudisha na kuanza kuwatawanya watu. Tukaituma kwenye simu ya dada.

Nikangoja. Nikasikia dada akisema, tazama mama, tazama. Halafu mama akasema, kwa mbali, si kwangu, "Huyo mwanamke ni nani?" Na dada akasema, jirani. Na mama akasema, "Nipeni maji."

Ndugu zangu, ile picha ninayo pia humu. Nitawaambia iko vipi. Mimi niko kama mti uliokauka, jicho moja limefumba. Yule mama ametazama kamera kwa hasira. Na kwenye kona ya juu, kushoto, pale pale hasa nilipokuwa naliona lile giza, kuna dole gumba la askari. Ukuta nyuma yetu ni safi, hakuna mtu mwingine.

Nilikaa kwenye ngazi nikaitazama muda mrefu. Kisha nikaingia ndani, nikafungua kamera yangu kwa mara ya kwanza baada ya wiki zote zile. Kwenye kioo cha ndani, upande mmoja, palikuwa pameota kuvu, nyuzi ndogo ndogo zimetandaa. Mpiga picha wa miaka kumi na minne. Mwanafunzi wa wiki mbili angejua. Nilifunga madirisha nisife, nikajaza chumba mvuke nisife, na mvuke ule ule ndio uliomlea yule aliyekuwa anakuja kunichukua. Nilitaka kucheka nikalia, nikalia mpaka yule mama akaleta sahani. Alikaa mlangoni akaniangalia nikila yote, na hapo ndipo nilipomwambia habari za kuku. Kesho yake alileta sahani ndogo zaidi.

Sikupona siku moja, msije mkadanganywa na mtu. Hofu ilikuwa inarudi kila saa tatu asubuhi, inakuja kama mtu mwenye miadi. Lakini nilikuwa nimeondoa gazeti madirishani. Saa tatu ikifika nachukua kamera, nasimama mlangoni, napiga watu wawili wawili, pale pale walipo. Fundi cherehani na mkewe wasiosemezana. Madereva wawili wa lori wananawa kwenye ndoo moja. Wiki hadi wiki, mpaka barabara ilipofunguliwa. Yule dereva wa kikohozi alirudi, mzima kabisa, amenenepa, analalamika kwamba kidevu chake nilikipinda kwenye picha.

Lakini kuna lisilorudi. Presha ya mama ilipanda siku ile kwenye kizuizi na haikushuka tena sawasawa. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa, akaenda. Daktari hakusema ni kwa ajili yangu, na mama alinikataza kusema hivyo. Mimi najua alikokaa siku ile na jua lilivyokuwa.

Wakaja kwangu kwa picha ya sanduku, maana nani mwingine. Nilikuwa nayo moja nzuri, tuliyopigwa pamoja Maliba baada ya barabara kufunguliwa, nimemshika bega, kahawa nyuma. Mashangazi wakasema, jikate wewe, abaki mama. Nikakaa mbele ya mashine. Kazi ya dakika tano, nimeifanya mara mia. Mkono haukwenda. Nikaichapisha hivyo hivyo, wawili, nikaiweka juu ya sanduku. Watu walinung'unika, mzee mmoja akasema ni mkosi, mtu hai juu ya sanduku. Niliwaacha wanung'unike.

Namshukuru yule mama wa Butembo, ambaye sasa yuko kwao na watoto wake, na kule kwao risasi zinalia, tunaandikiana akipata mtandao. Mwezi huu hajajibu. Mwombeeni. Namshukuru askari yule na dole gumba lake, sijui jina lake mpaka leo. Nawashukuru ninyi mlionipokea Kasese na hiki kikundi, mkanisikiliza mara ya kwanza nilipokuja nikakaa kimya mikutano mitatu. Nilichojifunza ni kidogo. Ukiona uso wa mtu peke yake, hakuna neno, usiandike pole. Nenda kagonge mlango wake, na kijiko kama huna kingine.

Sasa namaliza, na hili la mwisho ndilo lililonisimamisha leo na si Jumamosi ijayo. Jana saa kumi jioni nilifungua simu, nikaona picha kwenye status ya mmoja wetu. Uso tu, ukuta nyuma, hakuna neno. Nikapiga, simu imezimwa. Nyumbani kwako nilifika, jirani akaniambia umetoka. Leo nimekuja hapa kabla ya wote, nikakaa nikiangalia kila anayeingia, na roho imenitulia ulipoingia. Sitakutaja. Ninyi wengine, tafadhali, msigeuke.

Kiti kilicho kando yako kimekuwa wazi tangu tuanze. Nikitoka hapa mbele nakuja kukikalia. Hutalazimika kusema kitu, wala kunitazama. Nitamwomba yeyote aliye mbele yetu atupige picha moja, wewe na mimi, na hata akiweka dole gumba lake mle ndani, sitalikata.